Chuo hakina kengele: jibu kwa dada wa kijana mwenye usonji na ADHD anayeanza masomo Malimbe

Swali: Shikamoo, mtaalamu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 20 na amepata nafasi ya kusoma shahada ya ununuzi na ugavi katika chuo kilichopo Malimbe, Mwanza. Alipokuwa kidato cha tano, daktari wa akili alibaini kwamba ana usonji pamoja na ADHD, yaani hali ya umakini kuyumba na msukumo wa ghafla. Shule ya bweni aliimudu na kidato cha sita akafaulu vizuri, lakini tangu Mei yuko kwa wazazi Nansio, kisiwani Ukerewe, na hali inatutisha: analala alfajiri, anasahau kula, fomu za chuo amezianza mara nyingi na hajamaliza hata moja, ingawa ukimgusia meli za ziwa hili atakueleza mpaka uchoke wewe. Baba anasema ni uvivu. Mimi naishi Igoma, na ndiye nitakayekuwa karibu naye. Nataka kujua: akae kwangu au karibu na chuo? Je, tuwaambie chuoni kuhusu hali yake? Na nitamsimamia vipi bila kumfanya mtoto mdogo?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na maneno machache ya barua yako ambayo naona yamebeba sehemu kubwa ya jibu, kwamba shule ya bweni aliimudu. Familia nyingi huyachukua maneno ya namna hiyo kuwa ushahidi kwamba kijana anaweza akitaka, na kwa hiyo anayoyafanya sasa nyumbani ni kutotaka. Mimi nayasoma vingine. Bwenini kengele ilimwamsha, kengele ikampeleka mstarini, darasani, bwaloni na prepo, yaani kujisomea kwa jioni, na usiku mwalimu wa zamu akapita kuhesabu vichwa. Chakula kilikuwa saa ileile, nguo zilezile, kitanda kilekile, na kila kazi ilikuwa na mtu aliyeisimamia hadi ikaisha. Hakuna aliyeuita utaratibu huo msaada kwa mwenye usonji na ADHD, kwa sababu ulikuwa wa wanafunzi wote, lakini kwake yeye ndio uliokuwa msaada wenyewe. Ulipoondoka Mei, alibaki na akili ambayo hupata shida kuanza jambo lolote lisilo na mwanzo unaoonekana. Chuo nacho hakina kengele. Uwezo wa kusoma shahada anao, matokeo yake yamekwisha kuonyesha hivyo. Kinachotakiwa kuamuliwa kabla ya Oktoba ni nani atakayeujenga upya ule utaratibu, wapi, na kwa makubaliano gani.

Nazieleza hali zenyewe kwa kifupi, hasa kwa ajili ya Baba. Usonji na ADHD zote mbili ni tofauti za ukuaji wa ubongo zinazoanza utotoni, na urithi una sehemu kubwa katika chanzo chake. Malezi hayazisababishi na viboko haviziondoi. Usonji hugusa namna mtu anavyoelewa mambo yasiyosemwa wazi kati ya watu, namna anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso, na kiasi anachohitaji siku iende kama alivyoitarajia. ADHD hugusa uwezo wa kuelekeza umakini pale unapotakiwa, kuzuia msukumo wa ghafla, kukadiria muda na, zaidi ya yote, kuanza kazi na kuibeba hadi mwisho. Ndiyo maana kijana huyo anaweza kukusimulia habari za meli ya MV Victoria tangu mwaka 1961 bila kupumzika, na hapohapo akashindwa na fomu ya kurasa mbili. Umakini anao, tena mwingi, ila usukani wake hauko mkononi mwake kila anapouhitaji. Niongeze kwamba hadi mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi unaotolewa na chama cha madaktari wa akili wa Marekani, ambao hutumika katika nchi nyingi, haukuruhusu mtu mmoja kutajwa kuwa na usonji na ADHD kwa pamoja. Mkikutana na mhudumu anayewaambia kwamba lazima iwe kimoja tu, jueni kwamba huenda alisoma kabla ya mabadiliko hayo, na msikubali kuacha nusu ya maelezo ya daktari wenu kwa sababu hiyo.

Kukutana kwa hali hizi mbili ndiko kunakowachanganya walezi. Upande mmoja wa mdogo wako unataka leo ifanane na jana, na upande mwingine unachoshwa na chochote kilichofanana na jana. Mtamwandalia ratiba nzuri, ataipenda, ataifuata wiki mbili au tatu bila kukosea, kisha siku moja ataacha hata kuitazama, na nyumba nzima itasema, "Si tulijua." Msishtuke. Ratiba haikuwa mbaya wala yeye hakuwadanganya. Imekwisha upya wake, na akili yenye ADHD hutegemea sana upya ili kuona jambo lililo mbele yake. Kinachosaidia ni kuiacha mifupa ya siku palepale, yaani saa ya kuamka, saa za kula, saa na mahali pa kusomea, na kubadilisha sura yake tu: karatasi ya rangi nyingine, mlio mwingine wa simu, kiti kingine katika maktaba ileile. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba kila baada ya wiki tatu, Jumapili jioni, mnaitengeneza upya hata kama ile ya zamani bado inafuatwa. Watu wengi husubiri ivunjike kwanza, na ikishavunjika kijana anakuwa na aibu, na aibu ndiyo inayomfanya asipokee simu yako.

Sasa itazame kazi inayomsubiri. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka wa shahada ya kwanza hubeba krediti 120. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka, au 600 kwa muhula, na ukizigawa kwa wiki 17 unapata saa kama 35 kila wiki. Mihadhara na semina huchukua sehemu tu ya saa hizo. Zilizobaki, za kusoma, kuandika, kujiandaa kwa majaribio na kukutana na kikundi, hazimo katika ratiba yoyote iliyobandikwa ukutani. Wanafunzi wengi huzijaza kwa kuangalia wenzao wanafanya nini. Mdogo wako ana hatari ya kutoziona kabisa, kwa kuwa saa isiyo na jina wala mahali kwake ni kama haipo. Kila saa ya kujisomea basi ipewe kozi, mahali, na jambo dogo la kuanzia. Kuandika "kusoma takwimu" hakutoshi. Andikeni, "Jumanne saa 8 mchana, maktaba, meza ya dirishani, fungua daftari la takwimu, fanya swali la kwanza la mhadhara wa jana." Akishalifanya hilo la kwanza, mara nyingi hatahitaji msukumo kwa la pili, na siku ambayo atalifanya hilo moja tu akaondoka, ihesabiwe kuwa amefika.

Kuhusu makazi, ushauri wangu ni akae karibu na chuo, na kwako Igoma pawe nyumbani kwake kwa mwisho wa wiki. Najua kwako angekula vizuri na ungelala umemwona. Lakini kutoka Igoma, kwenye barabara ya Musoma, hadi Malimbe, upande wa barabara ya Shinyanga, ni kulivuka jiji kila asubuhi ndani ya daladala iliyobana, yenye muziki wa juu na konda anayegonga bodi, kisha bajaji au bodaboda ya kumalizia. Mtu mwenye hisi kali za sauti na mguso hufika darasani akiwa amekwisha kutumia nguvu za nusu siku. Na siku atakayochelewa dakika 20 kuna uwezekano mkubwa atageukia mlangoni na kurudi, kwa sababu kwake kuingia darasani huku watu 200 wakimtazama ni kugumu kuliko kuukosa mhadhara. Umbali wa kutembea kwa miguu unaondoa mlolongo huo wote kwa mkupuo mmoja, na ndiyo maana ninaupa uzito kuliko chakula chako kizuri.

Kati ya hosteli ya chuo na chumba cha kupanga mtaani, sina jibu moja kwa watu wote. Hosteli ina ulinzi, ina mlezi, na mtu asipoonekana siku mbili kuna atakayeuliza. Kasoro yake ni kulala na wenzake kadhaa, taa zikiwaka na simu zikiongea hadi usiku wa manane. Kama mtachagua chumba cha mtaani, msikiangalie Jumatano mchana dalali anapotaka kuwaonyesha. Nendeni Jumamosi saa 3 usiku, mrudi Jumapili asubuhi, msimame ndani mlango ukiwa umefungwa na msikilize: baa, spika za ibada, mashine ya kusaga, jenereta la jirani. Mwangalie pia juu. Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, mvua zikiwa zimeanza huku kwetu, na mvua ya usiku juu ya bati lisilo na dari inatosha kumkosesha usingizi kijana wa aina hii na kumwamsha saa 5 asubuhi siku ya jaribio. Dari kwanza, vigae baadaye.

Chakula nakitaja peke yake kwa sababu umesema anasahau kula, na hilo si utundu. Watu wengi wenye hali hizi huchelewa kuhisi njaa. Wanaihisi ikiwa imegeuka kichwa kuuma, hasira au kutetemeka mikono. Mtafuteni mama lishe mmoja aliye kati ya chumba na chuo, mlipe ya wiki nzima kila Jumatatu, mkubaliane saa za kula na chakula kisichobadilika sana, uwe wali maharage au ugali na dagaa, kile anachokimudu. Kwanza pesa ya chakula inakuwa imekwisha kulipwa kabla haijapata matumizi mengine. Pili, kuna mtu mzima anayemtarajia kwa saa maalumu kila siku, na kwa ridhaa ya mdogo wako anaweza kukutumia ujumbe mfupi asipotokea mara mbili mfululizo. Kama vyakula anavyovikubali ni vitano tu, muhula wa kwanza si wakati wa kumfundisha cha sita.

Fomu zishughulikiwe wiki hii, na msiziache zingoje siku za usajili. Msimwambie aende chumbani akazijaze. Kaa naye meza moja ukifanya shughuli yako mwenyewe, upige hesabu zako au uchambue mchele, yeye ajaze ukurasa mmoja, basi, kesho mwingine. Kuwepo kwa mtu mtulivu kando huwasaidia sana wenye ADHD kuanza, hata kama mtu huyo hasemi neno. Wewe ukiwa mbali, simu ya video isiyo na mazungumzo hufanya kazi hiyohiyo. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, picha za pasipoti, kitambulisho cha taifa au namba yake, kadi ya bima, kumbukumbu namba za malipo na barua ya daktari vikae kwenye faili moja la plastiki, na kila kimoja kipigwe picha kibaki kwenye simu yake na yako. Kisha, kabla wanafunzi hawajajaa, nendeni Malimbe mtembee njia zake zote: kutoka chumbani hadi kumbi za mihadhara, maktaba, vyoo, zahanati na ofisi ya Mlezi wa Wanafunzi. Apige picha mwenyewe kwa mpangilio wa njia. Siku ya usajili, penye foleni ndefu na watu wanaopaza sauti, atakuwa anakutana na mahali anapopajua.

Swali lako la pili, la kuwaambia au kutowaambia, uamuzi ni wake. Ni mtu mzima na habari za afya yake ni mali yake. Mimi ningemshauri aseme, kwa watu wachache, mapema, na kwa maandishi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haiishii kwenye ulemavu wa viungo. Inautafsiri ulemavu kuwa kupoteza au kupungukiwa fursa ya kushiriki maisha ya jamii sawa na wengine kutokana na sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Tanzania pia iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao katika ibara ya 24 unataka wenye ulemavu wapate elimu ya juu pamoja na marekebisho yanayofaa. Hata hivyo, ofisi nyingi zimezoea ulemavu unaoonekana, wa kiti cha magurudumu, fimbo nyeupe au lugha ya alama, na mhadhiri akipewa neno "usonji" peke yake hajui afanye nini nalo. Kwa hiyo barua yake ieleze kinachotokea na anachoomba, isizidi nusu ukurasa. Inaweza kuwa hivi:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nina usonji na ADHD, na barua ya daktari nimeiambatisha. Naelewa vizuri ninachosoma, lakini maelekezo ya mdomo yenye hatua nyingi hunipotea, na mwendo wa watu katika ukumbi wa mtihani hunizuia kufikiri. Ninaomba maelekezo ya kazi kwa maandishi, muda wa nyongeza na chumba chenye watu wachache wakati wa mitihani, na ruhusa ya kutoka darasani kwa dakika chache bila kuomba kila mara. Nisipomtazama mtu usoni ninapoongea naye, bado ninamsikiliza."

Sentensi ya mwisho isiachwe. Kwetu kijana asiyetazama usoni, au anayepishana na mkubwa kwenye korido bila kumwamkia, huhesabiwa kuwa na kiburi, na alama hiyo ikishawekwa na mhadhiri haifutiki upesi. Kama salamu humpita akiwa amezama katika mawazo, aijenge iwe sehemu ya njia: akifika kwenye mlango wa idara anainua kichwa na kuamkia, awepo mtu au asiwepo. Barua iende kwa Mlezi wa Wanafunzi, ambaye vyuo vingine humwita Mshauri wa Wanafunzi, na kwa mkuu wa idara, ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa kuwa utaratibu tofauti wa mtihani huhitaji kupitishwa na ofisi zaidi ya moja na hauwezi kuombwa wiki ya mtihani. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wanafunzi wenzake si lazima waambiwe. Na kama dirisha la Bodi ya Mikopo bado liko wazi, ulemavu ni jambo linalozingatiwa katika maombi, ila unahitaji kuthibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Kwa aliye Nansio, safari ya ofisi hiyo ifanyike kabla hajavuka maji.

Yapo mambo mawili ya darasani ambayo hayaombwi kwa barua. La kwanza ni kundi la WhatsApp la darasa, ambamo kiongozi wa darasa, CR kama wanavyomwita, hutangaza kwamba mhadhara umehamishwa, na tangazo hilo likazikwa na jumbe 300 za utani na pongezi za kuzaliwa. Anyamazishe milio ya kundi, alifungue saa mbili maalumu kwa siku, na amwombe mwanafunzi mmoja mwenye utaratibu amtumie mabadiliko ya ratiba peke yake. La pili ni kazi za kikundi. Vikundi hugawana kazi kwa kuelewana juujuu, na asiyeelewa yasiyosemwa huishia kufanya yote au kutofanya lolote. Afundishwe kuuliza mwishoni mwa kikao, "Sehemu yangu ni ipi, na mnaitaka lini?" kisha aandike jibu kundini ili wote walione. Katika kozi za ugavi, kijana aliyekariri safari za meli na shehena zake anaweza kuwa hazina ya kikundi, mradi apewe sehemu yenye mipaka.

Fedha nazigusa kwa ufupi lakini msizichukulie kwa wepesi. Bumu, yaani pesa ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo, huingia kwa mkupuo, kwa matumizi ya wiki nyingi, na msukumo wa ghafla ni sehemu ya ADHD. Kubeti kwa simu, mikopo ya haraka ya mitandaoni, na rafiki mpya anayekopa kila wiki bila kurudisha ndiyo mashimo matatu ninayoyaona zaidi kwa vijana wa namna hii. La tatu huingia kupitia usonji, kwani hudhani kila anayemwita "mwanangu" ni rafiki. Kodi na mama lishe walipwe siku ileile pesa inapoingia, akiba ihamie kwenye akaunti isiyo na kadi, na kinachobaki kigawanywe kwa wiki. Awe na jibu moja alilolizoea kwa wakopaji: "Pesa yangu anaishika dada." Si lazima iwe kweli yote, na wewe ukubali kulaumiwa.

Hapo tumefika kwenye swali lako la tatu. Kumsimamia mtu mzima kunahitaji mapatano yaliyoandikwa, na yaandikwe yeye akiwa ametulia, si baada ya ugomvi. Kubalianeni siku na saa ya simu. Wengi wenye usonji hupendelea ujumbe wa maandishi kuliko sauti, na hilo lisikuudhi. Usimuulize, "Unasoma?" maana jibu la swali hilo ni ndiyo au uongo. Muulize, "Jaribio la Alhamisi ni la kozi gani, na ukikaa mezani utaanza na nini?" Kubalianeni pia ni lini una ruhusa ya kuja bila taarifa, kwa mfano asipojibu ujumbe kwa saa 24, na ni mambo gani huna ruhusa kuyafanya kamwe, kama kuzungumza na mhadhiri bila yeye kujua au kumwandikia kazi zake. Muhula wa kwanza utamwamsha kwa simu; wa pili aamshwe na mlio wake, nawe upokee tu ujumbe wa "nimetoka". Kila unachokiachia, kiachie kimoja kimoja, na kamwe si wakati wa mitihani.

Baba apewe kazi badala ya hotuba. Usingizi wa mdogo wako umehamia mchana, na unarudishwa kwa kuamka saa ileile kila siku na kupata mwanga wa asubuhi, zaidi kuliko kwa kulazimishwa kulala mapema. Kama Baba hutoka asubuhi kwenda mwaloni au shambani, amchukue kila siku kwa saa ileile, ampe kazi moja yenye mwanzo na mwisho, hadi siku ya kuondoka. Nina sababu ya pili ya kuomba hivyo: ataona kwa macho yake kwamba kijana aliyemwita mvivu hufanya kazi hadi iishe inapokuwa na saa na mtu wa kuanza naye. Kama familia ina ibada, maombi yaendelee. Ninachokipinga ni kumfungisha bila chakula, kumwachisha dawa, au kumpeleka kwa yeyote anayeahidi kuutoa usonji.

Kabla hajafika Malimbe arudi kwa daktari wake, au mwombe barua ya kuhamishia ufuatiliaji katika Hospitali ya Bugando, ambayo ina huduma ya magonjwa ya akili. Kama anatumia dawa ya ADHD, hakikisheni inapatikana Mwanza na kwamba haiongezwi, haikatizwi wala haigawiwi kwa wenzake wanaotaka kukesha. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo ndivyo chai ya wanafunzi wakati wa mitihani, vitamharibia usingizi mlioujenga kwa miezi. Huzuni kubwa na wasiwasi huwapata vijana wenye usonji kuliko wenzao, na kwao mara nyingi havionekani kwa machozi: anaacha kuoga, anaacha kuongelea hata meli, sauti za kawaida zinamuumiza kuliko zamani, anajifungia. Ukiona hayo kwa wiki mbili, mpeleke kliniki. Akisema, hata kwa utani, kwamba ingekuwa bora asiwepo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani kuuliza hakumpandikizii wazo, usimwache peke yake, na mfike hospitali siku hiyohiyo.

Mwisho ni habari za kufeli, ambazo wanafunzi wanazo lugha yao: sapu, kurudia kozi, kudisko, yaani kuondolewa masomoni. Someni pamoja kanuni za mitihani za chuo chake mwezi wa kwanza, wakati hakuna kilichoharibika, ili ajue kwamba sapu ni mtihani mwingine wenye tarehe yake na haimaanishi amefukuzwa. Matokeo ya majaribio ya kwanza yakitoka, katikati ya muhula, kaeni na Mlezi wa Wanafunzi muone kozi zipi zinakwenda na zipi zimezama. Kama zilizozama ni nyingi na afya imeyumba, aombe kuahirisha masomo kwa barua, akiambatisha maelezo ya daktari, kabla mitihani haijaanza, na ofisi ya mikopo ya chuo ijulishwe siku hiyohiyo ili Bodi ipate taarifa. Aliyeahirisha kwa barua ana nafasi yake ya kurudi kwa utaratibu wa chuo. Asiyeonekana ukumbini bila taarifa anaweza kuondolewa masomoni, na huo ndio mlango ambao wengi wa aina yake hutokea, wakiwa chumbani, simu imezimwa, wakiona aibu kumwambia mtu.